Fiwi haziivi, ni chungu au zinasumbua tumbo: tafuta chanzo kabla ya kulaumu moto

Fiwi ni jamii ya kunde inayotambaa na kujisokota kwenye mti, ua au kichanja, yenye maua meupe au ya zambarau na maganda bapa yaliyopinda kidogo. Wapo wanaoziita ngwara, wapo wanaoziita njahi, na wataalamu wa mimea huiandika Lablab purpureus. Karibu kila kinachoota juu yake huliwa: majani machanga, maua, maganda mabichi, punje mbichi na punje kavu. Punje kavu ndiyo yenye lishe nzito, kwani protini peke yake ni kati ya asilimia 20 na 28 ya uzito wake. Ndiyo pia yenye malalamiko mengi, hivyo nitakaa nayo muda mrefu kuliko sehemu nyingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fiwi zikikushinda jikoni, mara nyingi kosa halikutokea jikoni. Limetokea ghalani miezi iliyopita, au liko kwenye maji unayopikia, au umetanguliza kiungo kilichopaswa kuja mwisho. Kuongeza kuni hakutibu hata kimoja kati ya hivyo.

Kwanza hakikisha ulichonacho ni fiwi

Mwaga kiganja kimoja mezani uziangalie. Punje ya fiwi ina ukanda mweupe ulioinuka, unaopita pembeni mwake kuanzia kwenye kovu iliposhikana na ganda. Rangi ya punje yenyewe isikubabaishe. Kuna nyeupe, za maziwa, za kahawia na nyeusi tititi, lakini ukanda hubaki mweupe. Kwenye fiwi nyeusi unauona hata kabla hujainama.

Kuna mambo matatu ya kukufanya usimame hapo hapo.

La kwanza ni maganda yenye manyoya yaliyokuwasha mikono na shingo wakati wa kuchuma. Huo ni upupu, nao pia hutambaa na hupenda kujichanganya na mimea mingine uani. Punje zake zina levodopa, kemikali ileile inayotumika kama dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na mtu akila nyingi hutapika na kuchanganyikiwa. Maelekezo ya kupika fiwi hayafai kwa upupu.

La pili ni punje ndogo nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi upande mmoja. Hizo ni za mturituri, sumu kali. Ziweke mbali na watoto, kisha zitupe.

La tatu ni punje zenye vumbi la rangi ya waridi, kijani au bluu, au zinazotoa rangi hiyo kwenye maji ya kulowekea. Hizo ni mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya wadudu au ya kuvu. Kuosha hakuziokoi, kuchemsha hakuziokoi, na kuku wasipewe. Usizifananishe na fiwi nyeusi au za kahawia, ambazo kwa kawaida hutoa maji ya hudhurungi au zambarau iliyofifia. Hiyo ni rangi ya ngozi yake na haina neno.

Punje zimegoma kuiva

Watu husema "zimegoma" kana kwamba ugumu ni mmoja. Upo wa aina mbili na tiba zake hazifanani. Utaujua ni upi kwa kuangalia bakuli la kulowekea, kabla hujainjika sufuria.

Loweka kwa saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya ujazo wa punje. Kisha chota chache. Punje iliyokunywa maji imekaribia kuongezeka uzito maradufu, ngozi imetanuka, na ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada kiini kinachomoka na kuachana vipande viwili. Ile ambayo haikunywa imebaki ndogo, ngozi bado inang'aa, na ukiidondosha kwenye sahani inalia kama kokoto.

*Hazikunywa maji.* Ngozi imejifunga. Hutokea zaidi punje zilipokaushwa kupita kiasi, na kwa baadhi ya aina za fiwi ni tabia ya kuzaliwa. Zitenge zile ndogo, zimwagie maji yaliyochemka, funika kwa saa moja, kisha ziendelee kulowekwa kwenye maji mapya. Nyingi zitafunguka. Chache zitakazobaki unaweza kuzikwaruza ngozi kwa ncha ya kisu upande ulio mkabala na ule ukanda mweupe, maji yapate pa kuingilia. Kazi hiyo haina faida kwa sufuria nzima, lakini kwa punje ishirini za kupanda ina maana. Usiziache tu zichanganyike na nyingine ukitarajia moto utazimaliza, maana hizo ndizo zinazovunja meno.

*Zimekunywa, zimevimba vizuri, saa tatu zimepita, na katikati bado zina ugumu.* Hapa ngozi haina hatia. Tatizo liko ndani, kwenye gundi inayoshikanisha chembe za punje, yaani pektini. Punje huiva pale gundi hiyo inapoyeyuka na chembe kuachana. Chochote kinachoikaza gundi kitachelewesha chakula chako, na washukiwa ni wanne.

Mshukiwa mkuu ni ghala. Fiwi zilizokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu hubadilika kimya kimya: kalsiamu na magnesi zilizokuwa zimefungwa mahali pengine ndani ya punje huachiliwa, zikaenda kushika pektini na kuifanya isiyeyuke. Kwa macho dalili ni ndogo. Fiwi nyeupe huelekea njano au kahawia, na zile za maziwa hukoza rangi. Uharibifu huo haurudi nyuma, lakini unaweza kupunguzwa makali kwa chumvi. Weka kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita 2 za maji ya kulowekea. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya ile kalsiamu na magnesi, na ngozi hulainika. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, pika kwa maji mapya. Najua wengi tumekua tukiambiwa kwamba chumvi hukaza maharagwe. Kwenye maji ya kulowekea, chumvi hufanya kinyume chake.

Zikiwa kuukuu kabisa, tumia magadi au soda ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, basi. Magadi huvunja pektini haraka na hupunguza muda wa kupika sana. Gharama yake ni kwamba huharibu vitamini B1, na ukizidisha mkono chakula kinanuka sabuni na punje zinageuka uji huku ngozi zikielea juu. Ninayachukulia kama msaada wa dharura, si kiungo cha kila siku.

Mshukiwa wa pili ni maji yenyewe. Maji magumu, yale yanayoacha utando mweupe ndani ya birika na kukataa kutoa povu la sabuni, yana kalsiamu na magnesi nyingi, na huifanyia pektini uovu uleule wa ghala bovu. Kuthibitisha ni rahisi: gawa fiwi zilizolowekwa pamoja kwenye sufuria mbili ndogo, moja ipikwe kwa maji yako ya kawaida, nyingine kwa maji safi ya mvua, moto sawa. Ya mvua ikitangulia kuiva kwa mbali, umeshapata jibu. Zote zikigoma sawasawa, rudi kwenye ghala. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye orodha hii, kwa sababu linakata ubishi wa nyumba nzima kwa mlo mmoja.

Wa tatu ni tindikali. Nyanya, ndimu, siki, ukwaju, vyote hivi hufanya pektini iwe imara. Fiwi zilizokaribia kuiva ukizimwagia nyanya zitasimama pale pale zilipofika. Subiri punje ipondeke kwa ulimi bila msaada wa meno, ndipo ulete nyanya. Sukari nyingi pia huchelewesha, japo kwa fiwi si jambo la kila siku.

Wa nne ni mwinuko wa mahali. Kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzijoto moja pungufu hivi. Kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye 95 hivi, na hata ukichochea moto mpaka sufuria iruke, hayatapanda zaidi ya hapo. Hapo sufuria ya presha ndiyo mwokozi, kwa kuwa ndani yake joto hufika karibu 120. Usiijaze zaidi ya nusu, kwa sababu fiwi hutoa povu na povu huziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta kinalituliza.

Kama nusu ya sufuria imeiva na nusu haijaiva, hakuna fumbo hapo. Mzigo umechanganywa, wa zamani na mpya au wa aina mbili. Zilizoiva zitoe kwa kijiko chenye matundu, zilizobaki ziendelee. Na kama ngozi zimepasuka huku kiini kikiwa kibichi, umezipeleka mbio: hazikulowekwa za kutosha, au zimechemshwa kwa fujo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishamaliza dakika za mwanzo za moto mkali (nitazieleza chini kwa nini ni lazima), punguza mpaka maji yatokote kwa utulivu, na ukiongeza maji yawe ya moto.

Fiwi kavu zilizolowekwa na ambazo hazina kasoro huchukua kati ya saa moja na mbili kwenye sufuria ya kawaida. Zikivuka saa tatu, acha kusubiri, anza uchunguzi.

Zimeiva lakini ni chungu

Uchungu usiufunike kwa viungo kabla hujajua umetoka wapi. Fiwi kavu zina viambata vinavyoweza kutoa sianidi, sumu ileile inayozungumzwa kwenye muhogo mchungu. Kiasi hutofautiana sana baina ya aina na aina, na uchungu ni mojawapo ya ishara zake. Chanzo kingine cha uchungu hakina hatari kubwa: ni tanini, zilizojaa kwenye ngozi za punje nyeusi na za kahawia, ambazo hukausha ulimi na kuukunja.

Njia ya kuzitofautisha ni kumenya. Chukua punje chache zilizokwisha kuiva, toa ngozi, onja kiini peke yake na uteme. Kiini kikiwa kitamu, uchungu ulikuwa wa ngozi, na ukitaka unaweza kuzimenya zote baada ya kuloweka, kazi ambayo kwa fiwi ni nyepesi kwa kuwa ngozi inachomoka ikibanwa. Kiini chenyewe kikiwa kichungu, tibu kama sianidi.

Tiba ni maji na hewa. Loweka usiku kucha, mwaga. Chemsha kwa maji mengi mapya dakika 15, sufuria ikiwa wazi, mwaga tena. Weka maji mapya, chemsha mpaka ziive. Mfuniko nje si ushirikina: sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo huondoka na mvuke ikipewa njia, na ukifunika unairudisha kwenye sufuria. Dirisha nalo liwe wazi.

Zikibaki chungu baada ya maji kumwagwa mara mbili na kuchemshwa upya, zitupe. Najua inauma kutupa chakula kilichokula mkaa wa siku nzima. Zitupe hivyo hivyo.

Supu ya maji ya kwanza ya kuchemshia usiitunze, hata ikionekana nzito na ya kupendeza. Wapo wanaosema kuimwaga ni kumwaga vitamini, na ni kweli baadhi zinakwenda, ila kwa fiwi kavu biashara hiyo inalipa.

Tumbo linalalamika baada ya kula

Muda ndio unaokupa jibu. Jiulize dalili zilianza lini.

Kutapika kulikokuja ndani ya saa 1 hadi 3, kukafuatiwa na kuhara, kunaelekeza kwenye lektini, protini zilizomo kwenye fiwi mbichi na maharagwe mengine ambayo hayakuchemka ipasavyo. Lektini huharibika kwenye joto la kuchemka, si kwenye joto la uvuguvugu. Hapa ndipo vyungu vya umeme vinavyopika taratibu, na vikapu vya kutunza joto, vinapowaingiza watu matatani. Ndani yake chakula kinaweza kukaa saa nane kwenye nyuzijoto 75 hadi 80, punje zikalainika, zikaonekana zimeiva, na lektini zikabaki hai. Zichemshe kwanza zitokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, na mahali penye mwinuko ongeza hadi 30, ndipo uhamishie kwenye chungu chako cha taratibu. Dakika hizo za mwanzo hazina mbadala.

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kupumua kwa kasi na udhaifu wa ghafla muda mfupi baada ya kula fiwi chungu ni dalili za sianidi. Hapo hakuna cha kusubiri wala maziwa ya kunywa. Ni hospitali, na uwaambie umekula nini.

Gesi, kuunguruma na tumbo kujaa saa kadhaa baadaye, bila homa wala kutapika, ni jambo la kawaida lisilo na hatari. Fiwi zina sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika kwenye utumbo mpana nzima nzima, bakteria wanazifurahia, na gesi ni masalia ya sherehe yao. Sukari hizo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuloweka na kumwaga hupunguza sehemu yake. Kuzichipusha siku moja au mbili kabla ya kupika hupunguza zaidi, kwa kuwa mche mchanga huzitumia. Na kwa asiyezizoea, aanze na kijiko kidogo kwenye sahani badala ya bakuli zima.

Sababu ya mwisho haihusu fiwi hata kidogo. Sufuria iliyoachwa mezani usiku kucha kwenye joto, ikapashwa moto asubuhi, ni chakula kilichochacha. Mchuzi wenye utando unaovutika au harufu ya uchachu haurekebishiki. Fiwi zilizoiva ziingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kipana zipoe haraka.

Rangi, povu na harufu

Povu jeupe linalopanda dakika za mwanzo ni protini na saponini, viambata vya punje vinavyotoa povu kama sabuni. Liengue ukipenda, halina sumu ya pekee.

Mchuzi umekuwa mweusi kama wino na una ladha ya chuma? Umepikia fiwi za rangi kwenye chungu cha chuma. Tanini na chuma zikikutana hutoa rangi hiyo. Unalika, haupendezi. Badilisha sufuria.

Maganda mabichi ya zambarau yamegeuka kijani kibichi yalipopikwa. Ndivyo yalivyo. Rangi ya zambarau huyeyuka kwenye maji na haivumilii moto, kijani kilichokuwa chini yake kinabaki. Ukitaka zambarau ionekane sahanini, hutaipata kwa fiwi.

Maji ya kulowekea yana povu na harufu ya uchachu asubuhi: chumba kilikuwa na joto sana au ulipitisha muda. Harufu ikiwa hafifu, suuza mara mbili na upike mara moja. Ikiwa kali na punje zinateleza, mwaga zote. Wenye jikoni zenye joto waloweke ndani ya friji, au wabadilishe maji mara moja katikati.

Kuna aina za fiwi ambazo maganda yake hutoa mafuta yenye harufu kali yanayonata vidoleni wakati wa kumenya. Mgeni hudhani zimeoza. Si hivyo, na walaji wake wa muda mrefu huzitafuta kwa ajili ya harufu hiyohiyo.

Maganda mabichi yana nyuzi, majani yana ukakasi

Ganda la kula zima linachumwa likiwa bado bapa, punje ndani zikigusika kwa shida. Likishavimba na kuonyesha alama za punje kwa nje, utando wa ndani umekuwa ngozi, na hakuna upishi utakaoubadili. Hilo limenye, kula punje mbichi zilizomo. Zenyewe hazihitaji kulowekwa, huiva ndani ya nusu saa hivi, na kwa maoni yangu ndiyo fiwi tamu kuliko zote. Zichemshwe kweli kweli lakini, si kuonjwa mbichi kwa vile tu ni laini.

Ganda bapa nalo lina nyuzi mbili, moja kila ukingo. Vunja ncha ya kikonyo kuelekea nyuma, usiikate kwa kisu, halafu vuta: uzi unafuata wote mpaka mwisho. Geuza, vuta wa pili kutoka ncha nyingine. Anayekata kwa kisu huacha uzi ndani ndipo hulalamika kwamba mboga inakwama kooni.

Majani chuma ya juu, matatu manne ya kwanza kutoka ncha. Ya chini ni magumu na machungu. Yakikukwaruza, yachemshe dakika chache, mwaga maji, kisha yakaange au uyapike na kitu chenye mafuta. Maua hayahitaji zaidi ya kupitishwa kwenye moto mwishoni mwa mapishi.

Unga na fiwi zilizochipua

Unga unaonuka ubichi hata baada ya kupikwa ulisagwa kutokana na punje mbichi. Punje inapopasuliwa na kukutana na maji, vimeng'enya vyake hushambulia mafuta yaliyomo na kutoa ile harufu ya majani. Loweka, chemsha mpaka ziive, anika zikauke kabisa, ndipo usage. Njia hii inamaliza pia suala la lektini, jambo ambalo kukaanga punje kavu peke yake hakukuhakikishii. Mchanganyiko wa fiwi zilizopondwa unaosambaratika kwenye mafuta ya kukaangia una maji mengi. Urudishe kwenye sufuria, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka uache kushika pembeni.

Za kuchipusha zikioza badala ya kuota, mara nyingi zimezama. Zinataka unyevu, si bwawa: suuza mara mbili au tatu kwa siku, chuja zote, weka pasipo jua. Zilizo laini na zenye harufu zitoe upesi kabla hazijaambukiza nyingine. Na ukishachipusha, pika. Chipukizi cha fiwi si kachumbari.

Mmea umejaa majani, maganda hakuna

Naligusa hili kwa kuwa chakula huanzia hapa. Fiwi nyingi za asili husubiri siku ziwe fupi ndipo zitoe maua, kwa hiyo iliyopandwa wakati usiofaa itatambaa miezi na miezi bila hata ua moja. Haiumwi, inasubiri msimu wake. Ukitaka mavuno ya mapema, tafuta aina isiyojali urefu wa siku.

Sababu ya pili ni samadi kupita kiasi. Fiwi hujitengenezea nitrojeni kwa msaada wa bakteria kwenye vinundu vya mizizi. Chimba taratibu pembeni ya shina, kata kinundu kimoja. Ndani kikiwa na wekundu wa waridi kinafanya kazi, na mmea hauhitaji mbolea ya nitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi.

Maua yakidondoka, angalia kwanza ukame na joto kali. Yakiwa yameshonwa pamoja kwa nyuzi laini na kuna kiwavi ndani, ni mtoboa maganda; chuma na uharibu yaliyoshambuliwa kabla hajahamia mengine. Vidukari weusi kwenye ncha changa huondolewa kwa kurushiwa maji kwa nguvu ukiwawahi.

Punje zina matundu ya duara

Matundu hayo ni milango ya kutokea. Bungua alitaga mayai juu ya ganda au punje, mara nyingi tangu shambani, funza akaingia na kula ndani, kisha akatoka akiwa mdudu kamili. Kwa hiyo gunia lisilo na tundu hata moja leo linaweza kuwa na wakazi tele. Tazama juu ya ngozi: vidoa vyeupe vidogo vilivyogandamana ni mayai.

Punje chache zenye matundu unaweza kuzitenga na kupika zilizobaki. Zikielea nyingi ukizimwaga kwenye maji, zimebaki maganda matupu na uchafu wa wadudu, na ladha yake itakuambia hivyo. Kuzuia ni kukausha mpaka punje ipasuke kwa kishindo ikigongwa badala ya kubonyea, kisha kufungia kwenye chombo kisichopitisha hewa, kilichojaa mpaka juu. Wadudu wakiisha kutumia oksijeni iliyomo wanakufa. Kwa kiasi kidogo cha nyumbani, weka kwenye mfuko uliofungwa, uingize kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki moja, na ukiutoa usiufungue mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone juu ya punje na utakuwa umeondoa bungua ukakaribisha ukungu.